Mwenye Nkwazi

Watu wa Nchelenge walitabiri kushindwa kwa watu wawili, na kwa wote wawili walikosea. Wa kwanza ni mimi. Walisema mtoto wa mpiga kasia hawezi kwenda Elisabethville, huko Congo, akarudi na kitu zaidi ya kikohozi. Nilirudi na diploma ya ufundi wa mitambo, yenye muhuri, pamoja na sanduku la spana ambalo ilibidi wanaume wawili walishushe kutoka kwenye lori. Wa pili ni Kapasu. Yeye walisema hataweza kuwaweka hai wale tai wa samaki, ambao sisi tunawaita nkwazi, hata msimu mmoja wa mvua. Ama ndege watauawa ama atauawa yeye, na wengi walikuwa wakiomba mambo yaanze na yeye.

Diploma yangu iko ukutani na anayetaka kuiona aje, wengi wamekwisha kuja. Habari ya Kapasu haina muhuri wala fremu, ndiyo maana naiandika.

Kapasu lilikuwa jina la kazi. Ni mjumbe wa chifu: mtu wa kaptula ya kaki, mkanda wenye bamba la shaba, na filimbi, anayetumwa kukamata wasiolipa kodi, kuamua ugomvi wa walevi na kupekua nyavu zenye macho madogo. Huyu wetu nilipomfahamu vizuri alikuwa amekwisha kustaafu, lakini kustaafu alikuchukulia kama uvumi ulioenezwa na maadui zake. Kaptula aliendelea kuivaa. Filimbi aliendelea kuipuliza. Alipokuwa kazini alimkamata baba yangu, akamkamata mjomba wangu, na siku ya harusi ya binti yake alimkamata mkwe wake mwenyewe mbele ya wageni, akamwachia baada ya kula kuku. Mbele yake kila mtu alimwita ba Kapasu, kwa heshima zote za Kibemba. Akishapita, majina mengine yalikuwapo.

Rushwa alikula, nisimtakase. Alikula kuku, alikula mbuzi, alikunywa bia ya ulezi ya wale wale aliotumwa kuwakamata kwa kupika bia. Samaki tu ndiye aliyeshindikana. Kapasu aliishi maisha yake yote kando ya Ziwa Mweru na hakuweza kuvumilia harufu ya samaki. Ukimtengea ubwali, ugali wetu, na samaki wa pale, hata awe amekaangwa vizuri namna gani, alisogeza bakuli kwa ncha ya kidole na kuuliza kama hapana maharage. Maji nayo aliyaogopa. Akitumwa Kilwa, kisiwa cha ziwa hilo hilo, kumleta mtuhumiwa, alisimama ufukweni Nchelenge, akapuliza filimbi kuelekea kisiwani, akangoja kidogo, kisha akarudi kuripoti kwamba mtuhumiwa amegoma kuja.

Huyo ndiye mtu aliyejitwika ulinzi wa ndege anayekula samaki na kukaa juu ya maji.

Walikuwa wawili, dume na jike, na kiota chao kilikuwa juu ya mti mkubwa wa mulombwa penye ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani. Kila mwaka walikiongezea vijiti, hata kikawa kikubwa kama kitanda cha mtoto. Asiyewajua nkwazi nimweleze: kichwa na kifua ni vyeupe kama shati la katekista siku ya Pasaka, tumbo lina rangi ya tofali lililochomwa vizuri, mabawa ni meusi. Jike ni mkubwa kuliko dume. Asubuhi wanatupa vichwa nyuma mpaka karibu viguse mgongo, wanaita, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, na sauti inafika mbali juu ya maji. Mimi nimesikia honi za magari ya Elisabethville na ving'ora vya viwanda. Hakuna kilichonifanya niweke spana chini kama hao wawili.

Kapasu alikuwa na kigoda mbele ya nyumba, kinachotazama mti. Nkwazi wakiita, mazungumzo yalisimama. Hata kama ulikuwa unamweleza kwamba nyumba yako inaungua, aliinua kiganja, ukangoja ndege wamalize, kisha akasema, "Endelea."

Ukimuuliza kwa nini anawapenda, jibu lilitegemea wewe ni nani. Padri alipopita na baiskeli aliambiwa kwamba ndege hao wanamsifu Muumba alfajiri, wakati Wakristo wamelala. Wavuvi waliambiwa kwamba nkwazi anaonyesha samaki walipo, na mvuvi mwenye akili angemshukuru. Mkuu wa kijiji aliambiwa kwamba kijiji chenye nkwazi kina hadhi. Mimi aliniambia kwamba katika ufuko mzima ni hao wawili tu ambao hakuwahi kuwakamata na kosa. Nilimjibu kwamba mimi pia hakuwahi kunikamata. Akasema hiyo ni kwa sababu nilikimbilia Congo.

Mkewe, mama mnene mwenye maneno makali aliyekuwa akiuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kando ya njia, alikuwa na maoni yake. Jioni moja tuko barazani tunakunywa munkoyo wake, Kapasu anamsifu jike jinsi alivyojaa kifua msimu ule. Mkewe akaweka kibuyu chini.

"Jike la mtini likinenepa, limependeza," alisema. "Mimi nikinenepa, unaniuliza unga umekwendaje haraka hivi."

Kapasu alimtazama, akautazama mti, akanyoosha kikombe kiongezwe munkoyo.

Sasa wavuvi. Niwe mwadilifu kwao, maana ni ndugu zangu na wengine ni wateja wangu. Nkwazi ni mwizi. Samaki anayehangaika kwenye wavu karibu na uso wa maji, kwake huyo ni chakula kilichopakuliwa. Anashuka, anamnyakua, na mara nyingi anaondoka na kipande cha wavu. Mtu ameshona wavu ule miezi na vidole vimemchanika. Ndiyo maana walimtega. Walichukua samaki aliyekufa, wakamtia ndoana kubwa tumboni, wakaifunga kamba kwenye jiwe na kumwacha samaki anaelea kwenye maji ya kina kifupi. Nkwazi akimchukua, amekwisha.

Kapasu aliijua mitego hiyo. Kila asubuhi alitembea ufukweni na kisu, kitambaa kimefungwa puani, akipasua kila samaki mfu aliyemwona majini ukingoni au mchangani. Samaki waliooza. Nimemwona kwa macho yangu anapasua, anageuka, anatapika, anafuta mdomo, anaendelea na wa pili. Mtu aliyeshindwa kukaa meza moja na samaki wa kukaanga! Ndoana alizozipata alizitundika kwenye ua wake, zikawa zinang'aa jua likichomoza, na wenyewe walipita wakizitambua bila kuthubutu kuzidai.

Fundi wa mitumbwi naye alitamani ule mti. Mulombwa ulionyooka namna ile unatoa mtumbwi wa watu wengi. Alifika na shoka, akapiga pigo la kwanza, la pili, filimbi ikalia. Kapasu alimkamata kwa jina la sheria ambayo hakuwa na mamlaka nayo tena, akamnyang'anya shoka na kukaa nalo. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana njiani, kila mmoja alitazama upande wake kama anatafuta mbuzi aliyepotea.

Katika ugomvi huo wote Kapasu alizoea kusema neno moja lililokuja kumtia taabani. Alisema, "nkwazi wangu." Msiwapige mawe nkwazi wangu. Nani amemtisha nkwazi wangu?

Aliyelidaka neno hilo ni Mama wa Moshi. Huyu alikuwa mjane mwenye matanuri ya udongo pale ufukweni. Alinunua samaki wabichi kwa wavuvi, akawafukiza na kuwauza kwa malori ya kusini. Macho yake yalikuwa mekundu daima kwa sababu ya kazi, na mdomo wake haukuwa na tanuri la kuufunika. Siku moja nkwazi jike alichukua samaki mnene kutoka kwenye kikapu chake, naye amesimama hapo hapo. Hakupiga kelele. Alijifunga kitenge vizuri akaenda moja kwa moja kwenye nsaka, kile kibanda cha wazi ambako mkuu wa kijiji na wazee huamua mashauri.

Alichosema kilikuwa rahisi. Mbuzi wa mtu akila mihogo ya jirani, mwenye mbuzi analipa, na hakuna anayebisha. Kapasu mwenyewe alikwisha kuwakamata watu kwa kosa hilo miaka mingi. Sasa anasema nkwazi ni wake. Basi alipe samaki.

Kapasu aliitwa. Mkuu wa kijiji, mzee mpole aliyependa mashauri mafupi, alimuuliza swali moja tu.

"Ba Kapasu, hawa ndege ni wako au si wako?"

Nsaka ilijaa watu wanaozuia vicheko. Hapo ndipo nilipotambua kwamba yule mama alikuwa na akili kuliko mahakimu wengi. Kapasu akisema si wake, basi ni ndege wa pori, na kila mwenye ndoana yuko huru. Hakuna tena filimbi wala kupasua mitego ya watu. Akisema ni wake, atalipa kila samaki watakaoiba mpaka afe yeye au wafe wao.

Alishika bamba la mkanda wake.

"Ni wangu," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka Kashikishi, mji wa jirani.

Hapo likaanza balaa. Ufuko mzima ulikumbuka samaki wake walioibiwa. Kapasu, kwa kuwa alikuwa amehoji wahalifu maisha yake yote, aliwahoji wadai vilevile: alikuwa dume au jike? Alishuka kutoka upande wa jua au wa kivuli? Samaki alishikwa kwa mguu upi? Wengine walijikanyaga na kufukuzwa. Mmoja alidai samaki aliyeibiwa babu yake, akaambiwa amlete babu. Lakini wengi walikuwa na haki, na wenye haki aliwalipa.

Alilipa kwa kitu gani? Hakuwa mvuvi. Alikopa. Ili kumlipa huyu samaki, alikopa samaki kwa yule, na ili kumlipa yule alikopa kwa mwingine, mpaka ikawa karibu hakuna nyumba ufukweni isiyomdai. Na alikopa vile alivyokamata: alisimama mlangoni wima, akataja jina lako lote, akakutaarifu kwamba unamkopesha. Ulikuwa umemkabidhi samaki kabla hujakumbuka kwamba unaweza kukataa. Kisha alimbeba kwa kamba, mkono umenyooshwa mbali na pua, watoto wanamfuata nyuma. Mimi mwenyewe, ambaye wavuvi walinilipa samaki kwa kutengeneza moteri zao, nilijikuta katika orodha ya wadai. Diploma haikunisaidia.

Watu walisema safari hii amekwisha. Atachoka na deni, atawakana ndege wake, na siku hiyo hiyo watakufa. Mama wa Moshi alipita mbele ya kigoda chake kila siku kumuuliza kama amechoka. Alimjibu kwamba anasikiliza ndege.

Basi akatokea Mugiriki. Alikuwa mnunuzi wa samaki kutoka Kasenga, ng'ambo, upande wa Congo, mwenye boti kubwa ya moteri iliyojaa barafu. Aliwanunua samaki wabichi, akawalaza kwenye barafu na kuwakimbiza kwenye masoko ya migodini. Hakuwa mtu mbaya. Alicheka sana, aliwapa watoto peremende, na moteri yake ilipokufa aliniita mimi na si mtu mwingine, jambo linaloonyesha kwamba alijua kazi nzuri. Lakini alikuwa na bunduki ya bata. Asubuhi moja, wakati wavuvi wanashusha vikapu kwenye mchanga, alisimama juu ya paa la boti na kumpiga nkwazi jike. Alimtaka kwa ajili ya duka lake, amjaze pamba na kumsimamisha juu ya kabati.

Ndege alianguka kwenye maji ya kina kifupi. Hakuna aliyesogea. Kapasu aliinuka kwenye kigoda, akashuka ufukweni, akaingia majini na viatu vyake mpaka kiunoni, yeye ambaye hata mtumbwi uliofungwa hakuukanyaga. Akamwinua. Mabawa yalifunguka, yakawa mapana kuliko mikono yake. Juu ya mulombwa dume aliita, akanyamaza pale ambapo jike huitikia, akaita tena.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nasema tu kwamba wakati ule nilikuwa nimeshika spana na sikukumbuka ni ya kazi gani.

Aliyesema kwanza ni Mama wa Moshi. Alimtazama Kapasu anayetoka majini amelowa na kumkumbatia ndege, akawageukia wavuvi.

"Jamani," alisema, "yule mtu anatudai au tunamdai?"

"Tunamdai," walijibu.

"Na mali yake ni nini?"

Ilichukua muda kidogo kuwaingia: mali yake ni ndege, na nusu ya mali hiyo ilikuwa imeuawa. Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa ameinua kikapu kukipeleka kwenye boti alikirudisha chini. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Baada ya muda vikapu vyote vilikuwa vimekaa mchangani na wenyewe wamekaa juu ya mitumbwi, mikono magotini.

Mugiriki hakuelewa. Aliuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo, ambacho wavuvi wengi walikijua cha bei na uzito tu. Kwa hiyo niliitwa mimi, na niseme kwamba siku hiyo ilikuwa bahati kwa kijiji kuwa na mtu aliyesoma.

"Ile ndege ni ya pori," alisema Mugiriki. "Nani alizaa yeye? Mi nilinunua risasi yangu."

Nikatafsiri. Mkuu wa kijiji alifikiri, akasema kwa upole nimwambie mgeni kwamba shauri hilo lilikwisha kuamuliwa zamani. Ndege ana mwenyewe. Mwenyewe amelipa makosa ya ndege huyo mbele ya kijiji kizima, samaki kwa samaki, na haiwezekani mnyama awe na mwenyewe wakati wa kulipa, kisha awe wa pori wakati wa kulipwa.

Kisheria hatukuwa na kitu. Mahakama ya chifu haikuruhusiwa kumgusa mzungu, na Kapasu alijua hilo kuliko sisi sote, kwa hiyo hakuna aliyelitaja neno mahakama. Tulikuwa tumekaa tu, tunazungumza. Jua lilikuwa limepanda, na kutoka kwenye tumbo la boti maji ya barafu yalikuwa yanatoka, kwanza matone, kisha mkondo mwembamba. Mugiriki aliyatazama maji yale kila baada ya sentensi.

"Bei gani?" aliuliza mwishowe.

Kapasu alisema ndege wake hauzwi. Alisema hivyo tu, akageuza uso. Mama wa Moshi alimsukuma pembeni kwa nyonga na kutaja bei mwenyewe: mabunda ya nyavu mpya za nailoni aliyokuwa nayo botini, na magunia ya chumvi. Mugiriki alishika kichwa. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba nailoni haiyeyuki. Akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, akalipa, akapakia samaki na kuondoka bila ndege. Kapasu alimzika chini ya mti, na hakumruhusu mtu kusogea.

Kila mtu alijua kitakachofuata. Kapasu ana nyavu, atalipa madeni. Badala yake alizitundika nyavu zote darini, akafunga chumvi kwenye majani, akakaa kwenye kigoda. Wiki zilipita. Nyavu zilionekana kutoka mlangoni, nyeupe, mpya, na kila mdai aliyekuja kumsalimu alizitazama zaidi ya alivyomtazama yeye. Walimtukana. Mkewe alimtukana. Mvua ilikuja ikaisha, dume akaleta jike mwingine kutoka upande wa Chienge, mdogo kidogo, mwenye sauti ya kukwaruza, wakaanza kukarabati kiota. Kapasu bado hajalipa.

Niliona jambo moja, hata hivyo. Ndoana zilipungua. Mvulana alirusha jiwe mtini, mvuvi akamchapa kofi na kumuuliza kama anataka kumuulia deni lake. Wadai wenyewe walianza kuamka mapema kuangalia kama ndege wako salama, kwa sababu tulikuwa tumemwona Kapasu akipata nyavu kwa ndege mmoja, na hakuna aliyejua atakuja na hoja gani ya kufuta madeni yetu wakifa wote.

Nilikwenda kwake kudai samaki wangu. Nilitaka pia kumweleza, kama mtu aliyeishi mjini, namna mtu mwenye heshima anavyomaliza madeni. Sisi wawili tulizoea kuzungumza Kiswahili cha ng'ambo, kile kinachowaita watu bantu, kwani zamani alifanya kazi kituo cha mpakani na alipenda majirani wasituelewe.

"Ba Kapasu," nilisema, "nyavu iko. Juu ya nini haulipe bantu?"

"Fundi, weye ulisoma moteri. Haukusoma bantu." Hakunitazama, alitazama mti. "Leo bote bananidai. Bote banachunga ndege yangu. Mi nikilipa leo, kesho ndoana inarudi."

"Kwa hiyo utakaa na deni mpaka lini?"

"Mpaka nichoke kutukanwa. Na mi nilikuwa kapasu, sichokake haraka."

Nikamuuliza basi anieleze ukweli, si ule wa padri wala ule wa mkuu wa kijiji, anawapendea nini hasa. Nilitegemea kitu kikubwa.

"Mi nabaangalia," alisema. "Basi."

Hakunilipa.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kiangazi nilipokuwa kwake tena, naye ananipa sababu nyingine ya kutonilipa, ndipo fundi wa mitumbwi alipoingia uani. Huyo ndiye mtu pekee ufukweni ambaye Kapasu hakumdai wala hakudaiwa naye, kwa sababu haiwezekani kukopeshana bila kusalimiana. Hakusalimu hata siku hiyo. Alitupa kitu miguuni pa Kapasu. Ilikuwa ndoana kubwa, yenye kamba na matumbo ya samaki.

"Mgeni mmoja aliitega pale kwenye matete," alisema. "Nimemwambia mambo hayo akafanye kwao."

Kapasu aliitazama ndoana.

"Mimi nina deni lako?"

"Huna."

"Unataka shoka lako?"

"Nimekwisha kununua lingine," alisema fundi, akaondoka.

Kapasu alikaa. Nkwazi waliita na hakuinua kiganja. Baadaye alimwita mkewe amsaidie kushusha nyavu kutoka darini.

Siku ya kulipa alikuja nsaka amevaa sare yote, mkanda umesuguliwa. Alizitandaza nyavu kwenye mchanga mbele ya kibanda, chumvi pembeni, akasimama kama anayesoma mashitaka na kumwita kila mdai kwa jina lake lote. Aliyeitwa alikwenda mbele, akataja anachodai, akakatiwa urefu wa wavu unaostahili na kuchotewa chumvi, mkuu wa kijiji akatikisa kichwa kukubali. Wengine walijaribu kuongeza samaki mmoja au wawili, wakahojiwa kuhusu miguu ya ndege, wakapunguza. Mimi nilipewa kipande cha wavu nisichokuwa na kazi nacho. Nilikipokea. Haki ni haki.

Wa mwisho alikuwa Mama wa Moshi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kununua samaki, ameshusha kikapu nyuma yake mchangani. Deni lake lilikuwa kubwa kuliko yote na wavu uliobaki ulikuwa wote wake. Aliupima kwa mikono, akaupima tena, akaukunja na kuuweka begani. Mkuu wa kijiji alisimama, akatangaza kwamba ba Kapasu hadaiwi tena na mtu yeyote katika ufuko huu. Watu walipiga makofi kidogo, kwa adabu.

Kisha nikaona kila mtu anatazama chini. Nadhani sote tulikuwa tumefikiri jambo moja. Hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kuwachunga ndege. Kapasu alisimama penye mchanga mtupu, mikono imeshuka, hajui aiweke wapi.

Upepo ulitupita vichwani. Waliokuwa mbele waliinama. Yule jike mgeni alishuka nyuma ya Mama wa Moshi, akagusa kikapu, akapaa na samaki mkubwa kuliko wote, maji yakidondoka juu ya nsaka na juu ya mkuu wa kijiji, akaenda mpaka mtini bila haraka.

Macho yote yalimgeukia Mama wa Moshi. Alikuwa amegeuka, anakitazama kikapu chake na mahali palipokuwa na samaki, na macho yake mekundu hayakuonyesha kitu.

"Mnaniangalia nini?" alisema. "Mkuu amesema madeni yamekwisha. Yamekwisha."

Akajitwisha kikapu, akaenda kuwasha matanuri.